Kazi za gesi baharini: vyeti vina muda wa kuoza, meli hazina ratiba

Pwani ya Kusini ina mazao yenye utaratibu. Korosho na ufuta vina mnada na stakabadhi ghalani, na pweza wa Songo Songo hufuatwa na wanunuzi hukohuko kisiwani. Nguvu kazi ya vijana wa Kilwa na Lindi wanaotaka kazi kwenye mitambo ya gesi baharini haina mnada, lakini nayo ina bei, ina msimu na ina madalali. Anayeingia katika soko hili bila kujua msimu hupoteza mtaji kabla hajaona hata ngazi ya meli, na mara nyingi mtaji wenyewe ni fedha ya korosho ya mzee wake.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba masoko ni mawili. La kwanza ni la maji ya kina kifupi na nchi kavu, nalo liko Songo Songo, Wilaya ya Kilwa. Gesi iligunduliwa huko mwaka 1974 na kampuni ya AGIP ya Italia, lakini ilikaa chini ya ardhi miaka 30 hadi ilipoanza kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2004 kwa bomba lenye kilomita 25 baharini na kilomita 207 nchi kavu. Mwaka 2015 serikali ilizindua bomba jingine kubwa kutoka Mtwara, pamoja na mitambo ya kusafisha gesi ya Madimba na Songo Songo na tawi linalotoka kisiwani hadi Somanga. Hapa kazi ni za kudumu lakini ni chache. Mtambo wa gesi ukishajengwa huendeshwa na watu wa kuhesabika, wanaofanya kazi kwa zamu, na nafasi hupatikana mtu akistaafu au akihama. Fursa ya kweli kwa asiye na uzoefu huja pale kunapokuwa na ujenzi, matengenezo makubwa au ukarabati wa visima, kama ilivyokuwa mwaka 2015 na 2016 mtambo wa kuchoronga ulipoletwa kwenye visima vya baharini vya Songo Songo. Kazi hizo ni za miezi, si za miaka.

Soko la pili ni la bahari kuu, na ndilo lililowatia watu wengi tamaa. Kuanzia mwaka 2010 meli za kuchoronga zilikuwa zikipishana mbele ya Lindi na Mtwara. BG na Ophir zilipata gesi katika vitalu namba 1, 3 na 4, na Februari 2012 Statoil na ExxonMobil wakaipata katika kisima cha Zafarani, kitalu namba 2, mahali ambapo maji peke yake yana kina cha zaidi ya mita 2,500. Baadaye zikafuata Lavani, Tangawizi, Mronge, Giligiliani na Piri. Majina ya jikoni na ya baharini yalijaa kwenye magazeti ya biashara ya London, na nyumba za wageni za Mtwara zikapandisha bei.

Kisha soko likaanguka. Katika miaka ile kukodi meli moja ya kuchoronga bahari kuu kulifikia zaidi ya dola nusu milioni za Marekani kwa siku. Mafuta yalikuwa yakiuzwa zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya mwaka 2014, na Januari 2016 yalishuka chini ya dola 30. Hakuna mhasibu anayeweza kutetea gharama ile kwa bei hii, hivyo meli ziliondoka, na kijana aliyekuwa amemaliza kozi ya usalama mwezi uliopita akabaki na karatasi mkononi. Mwaka 2016 Shell iliinunua BG. Statoil, iliyojiita Equinor mwaka 2018, ilitangaza Januari 2021 kwamba imefuta katika vitabu vyake dola milioni 982 za mradi wa Tanzania. Mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika pale Likong'o, Manispaa ya Lindi, ulifufuka kwa makubaliano ya awali yaliyosainiwa Dodoma Juni 2022. Mwaka 2023 mazungumzo yalitangazwa kukamilika, lakini mwaka ule ulipita bila mkataba kutiwa saini, na 2024 ukapita vilevile.

Nani hasa anaajiri

Hapa ndipo wengi hupotea njia. Barua nyingi za maombi huelekezwa kwa kampuni ya gesi yenyewe, au TPDC, kwa sababu ndiyo majina yanayosikika redioni. Kampuni yenye leseni huajiri wanajiolojia, wahandisi, wahasibu na maofisa uhusiano, lakini haiajiri vibarua wa sitaha. Meli ya kuchoronga ni mali ya mkandarasi mwingine, anayekuja na wafanyakazi wake. Ndani ya meli hiyohiyo kuna kampuni ya saruji ya visima, kampuni ya tope la kuchorongea, kampuni ya vipimo, na kampuni ya upishi na usafi. Nchi kavu kuna wenye meli ndogo za kupeleka mizigo, wenye ghala bandarini na wenye helikopta. Meli moja hubeba watu kati ya 150 na 200, na kila fungu lina mwajiri wake. Kwa anayeanza, barua inayofika kwa mkandarasi wa upishi ina thamani kuliko kumi zilizofika makao makuu ya kampuni ya mafuta Ulaya.

TPDC nayo, kwa kuwa ni shirika la umma, hutangaza nafasi zake kupitia Sekretarieti ya Ajira. Asiyejiandikisha katika mfumo wa ajira wa Sekretarieti asitegemee kuitwa kwa sababu ana mjomba Dar es Salaam.

Milango ya kuingilia kwa asiye na uzoefu haizidi minne. Upishi na usafi ndio mpana zaidi: wapishi wasaidizi, waosha vyombo, watandika vitanda na wafuaji. Wa pili ni ukibarua wa sitaha, yaani kufunga na kufungua mizigo ya kreni, kuosha sitaha, kukwangua kutu, kupaka rangi na kubeba mabomba. Huyu ndiye baadaye hupanda kwenda sakafu ya kuchorongea, chini ya mnara, ambako kuna malipo makubwa na hatari kubwa zaidi. Mlango wa tatu ni meli za kuhudumia mitambo, zinazohitaji mabaharia wa kawaida wenye vyeti vya Chuo cha Bahari Dar es Salaam au chuo kingine kinachotambulika. Wa nne ni ufundi: mchomeleaji, fundi umeme, fundi mitambo, mfunga majukwaa. Huyu wa mwisho ana bahati moja ambayo wenzake hawana, kwamba meli zikiondoka fani yake inauzika kwingine.

Bei ya vyeti na uhai wake

Mwajiri wa baharini ataomba cheti cha mafunzo ya awali ya usalama kinachotambuliwa na OPITO, taasisi ya Uingereza inayoweka viwango vya mafunzo ya sekta hii. Wengi hukijua kwa kifupi cha BOSIET. Ni kozi ya siku 3: kuzima moto, huduma ya kwanza, kutumia boti ya kuokolea na, kinachowatisha watu zaidi, kutoka ndani ya kielelezo cha helikopta kilichozamishwa na kupinduliwa bwawani. Mvuvi wa Kilwa Kivinje aliyezoea kuzamia huenda akaona bwawa lile ni mchezo, ilhali mhitimu wa chuo kikuu kutoka bara akashindwa siku ya kwanza. Lakini kuzoea maji si kuruhusiwa kupanda helikopta, na mwajiri ataangalia karatasi.

Cheti hiki kina uhai wa miaka 4, kisha mwenye nacho hurudi kozi ya siku moja ya kukihuisha. Ripoti ya daktari ya kufanya kazi baharini huishi miaka 2, tena hupimwa macho, masikio, shinikizo la damu na moyo, na mara nyingi dawa za kulevya. Mafunzo ya msingi ya usalama ya mabaharia huishi miaka 5. Pasipoti huishi miaka 10 na ada yake ni shilingi 150,000. Cheti cha ufundi cha VETA hakina tarehe ya kufa.

Kwa mpangilio huo hesabu inajieleza. Mwenye fedha kidogo anunue kwanza bidhaa isiyooza: ufundi wa VETA, Lindi au Mtwara, Kiingereza cha kusoma maelekezo ya kazi, kitambulisho cha Taifa na pasipoti. Kozi ya OPITO na kipimo cha daktari ni bidhaa za kuoza, kama samaki asiye na barafu. Zinunuliwe mwajiri akiwa ameonekana, na ikiwezekana alipe yeye, maana makandarasi wakubwa hulipia mafunzo ya mtu wanayemchukua. Aliyekata kozi hii mwaka 2015 kwa fedha ya kukopa, cheti chake kilikufa mwaka 2019 bila kuona meli.

Kuhusu VETA lipo la kuongeza. Enzi za uchorongaji mkubwa, kampuni za gesi zilisaidia vyuo vya Mtwara na Lindi kuboresha mafunzo, na shirika la VSO likashiriki, ili wahitimu wafikie viwango vya kimataifa. Mantiki ilikuwa sahihi. Mchomeleaji anayeungua mikono kwa mageti ya nyumba ni tofauti na anayefunga bomba la gesi ambalo kila kiungo chake hupigwa picha ya mionzi. Wa pili anaweza kufanya kazi Songo Songo, au kwenye bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, ambako kilomita 1,147 ziko Tanzania.

Madalali

Palipo na kiu hapakosi muuza maji machafu. Hujitokeza mtu mwenye barua yenye nembo ya kampuni kubwa, orodha ya majina, na ada ya "kushughulikia faili". Huchagua msimu wa malipo ya korosho. Kwa kazi za ubaharia sheria iko wazi: Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2019, unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Anachoweza kugharamia mwenyewe ni cheti cha daktari, kitabu cha baharia na hati za kusafiria. Anayedai zaidi ya hapo anavunja mkataba huo, hata akiwa na ofisi yenye kiyoyozi. Mkandarasi wa kweli hafungi barua za ajira kwa namba ya simu ya mtu binafsi, wala haombi fedha itumwe kwa simu kabla ya usaili.

Sheria inayomlinda mwenyeji

Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 na kanuni zake za ushirikishwaji wa Watanzania za mwaka 2017 zinawataka wenye leseni na wakandarasi kutoa kipaumbele kwa Watanzania wenye sifa, na kuwasilisha kwa PURA mpango wa ajira na mafunzo. Sheria ya kuratibu ajira za wageni, nayo ya mwaka 2015, inataka mwajiri aonyeshe jinsi Mtanzania atakavyorithi nafasi ya mgeni. Neno la kuzingatia ni "sifa". Sheria haimpi mtu wa Songo Songo kazi kwa kuzaliwa Songo Songo. Katika vurugu za Mtwara za mwaka 2013 madai ya wananchi yalikuwa juu ya bomba na manufaa, ila hata baada ya bomba kujengwa, hesabu ya ajira za kudumu ilibaki ndogo kwa sababu ndivyo gesi ilivyo: inakula mtaji mwingi na watu wachache.

Kwa ukibarua wa nchi kavu utaratibu ni wa kienyeji zaidi. Mkandarasi hupita kwa mtendaji wa kijiji au kata, na majina hutoka huko. Kijana aliyehamia Dar es Salaam kusubiri meli huikosa nafasi iliyotangazwa kwenye mbao za ofisi ya kijiji alichotoka.

Malipo nayo yanahitaji kusomwa vizuri. Kazi ya baharini kwa kawaida ni zamu ya saa 12 kila siku, siku 28 mfululizo, kisha siku 28 nyumbani, au 21 kwa 21. Mshahara unaotajwa kwa siku huenda unahesabu siku za baharini tu. Mwenye kuulizwa bei yake aulize kwanza kama siku za nyumbani zinalipwa, bima ni ya nani, na nauli ya kwenda kupandia helikopta inatoka mfuko gani. Maswali hayo matatu yanaweza kukata mshahara wa maneno kwa nusu.

Kwa upande wa ratiba, yapo mambo mawili ya kufuatilia. Leseni ya Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25, na maamuzi ya wawekezaji kuhusu visima hutegemea kinachotokea baada ya hapo. La pili ni Likong'o. Mradi ukisainiwa, ajira nyingi za mwanzo hazitakuwa baharini kabisa: zitakuwa za barabara, kambi, zege, ulinzi na jiko. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji ilianza kusafirisha gesi ya kimiminika Novemba 2022 kutoka kwenye mtambo unaoelea wa Coral Sul, wakati mradi wa nchi kavu wa Palma ulikuwa umesimama tangu mashambulizi ya Machi 2021. Wakandarasi wanaotumika kule ndio walewale wanaotarajiwa Lindi, na majina yao yako wazi kwa mwenye kutaka kuwaandikia mapema.