Kinga ya Umeme Mlimani: Ni Mtu Anayepanda ao Ni Batri?



Asubuhi moja katika dispensari yetu, nilipokuwa nikifunga kidonda cha kidole, kijana mmoja wa atelie alinionyesha sinema fupi katika telefone yake. Mzee mwenye mvi, tumbo mbele, anapanda mlima wa mawe kwa kinga. Hahemi. Anawapita vijana wawili wanaosukuma kinga zao kwa mikono, anawapungia, anaendelea. Kijana akaniuliza: «Munganga, huyu baba anafanya sport ao anabebwa?»

Mimi si munganga, ni asistenti tu, lakini hapa kila mwenye koti jeupe anaitwa munganga. Nilimjibu haraka kwamba anabebwa. Baadaye nikaenda kusoma, nikaona kwamba jibu langu lilikuwa baya. Ndiyo sababu ninaandika.

Kwanza neno lenyewe. Sisi wa Katanga tunasema kinga. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanasema baiskeli, na kwao kinga ni kitu cha kukulinda usipatwe na hatari. Mtu wa huko akiambiwa avae kinga atatafuta kaske na miwani. Wa kwetu atauliza inavaliwaje. Basi katika ukurasa huu kinga ni ile ya magurudumu mawili.

Kinga ya mlima ina matairi manene yenye meno, freni za nguvu, na mara nyingi resori za kumeza mishtuko ya mawe. Ile ya umeme imeongezewa moteri ndogo, mara nyingi palepale penye pedali, na batri iliyofungwa katika fremu. Moteri hiyo haiendi peke yake kama ya pikipiki. Ina chombo kinachopima nguvu ya mguu. Ukisukuma pedali, inaongeza nguvu juu ya yako. Ukiacha kusukuma, nayo inaacha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria inaihesabu kuwa kinga ya kawaida ikiwa moteri haipiti wati 250, na ikiwa msaada unakatika mwendo unapofika kilometa 25 kwa saa. Majimbo mengi ya Marekani yanaruhusu hadi wati 750, na ile ya daraja la kwanza inaacha kusaidia kwenye kilometa 32 kwa saa.

Batri yake ni ya litiamu, na nyingi za aina hiyo zina kobalti ndani. Hapo ndipo jambo linapotufikia sisi. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, upande wetu huu wa Kolwezi, Likasi na Fungurume. Siwezi kusema kwamba jiwe ulilolitoa wewe limo katika kinga ya mzee yule. Lakini mwenye kuchimba ana haki ya kujua kitu chake kinafanya nini huko kinakokwenda. Na huko kinakokwenda kimeleta ugomvi.

UGOMVI WA VIJIA

Mchezo wa kinga za mlima ulipata umbo lake Kalifornia, katika wilaya ya Marin, kando ya mlima Tamalpais. Tarehe 21 Oktoba 1976 vijana wa huko walishindana kushuka njia moja yenye mtelemko mkali. Walitumia kinga nzito za zamani, zenye freni ya ndani ya gurudumu la nyuma, ile unayoifunga kwa kurudisha pedali nyuma. Wazee wetu wanaikumbuka. Walipofika chini, freni ilikuwa imepata moto hata mafuta mazito ndani yake yanageuka moshi, na ilibidi kuifungua na kuijaza mafuta mapya. Ndiyo maana njia ile iliitwa Repack, maana yake «jaza tena». Wawili kati ya vijana hao, Gary Fisher na Charlie Kelly, walianza mwaka 1979 kuuza kinga zilizotengenezwa kwa ajili ya milima.

Kinga zilipoongezeka, watembea kwa miguu na wenye farasi walilalamika. Mtu anatembea na mtoto wake, ghafla kinga inatokea kwenye kona kama jiwe lililodondoka. Katika miaka ya 1980 vijia vyembamba vingi vya Marin vilifungiwa wenye kinga. Nao mwaka 1988 wakaunda chama cha kuwatetea, IMBA. Hoja yao kubwa mbele ya wakubwa wa misitu ilikuwa kwamba wao hawana moteri: ni watu wa jasho, sawa na mwenye kutembea, basi wasihesabiwe pamoja na pikipiki.

Sasa fikirini. Mmesimama juu ya hoja hiyo miaka ishirini na zaidi, mmefunguliwa njia hii na ile, tena mmezijenga kwa jembe na mikono yenu. Kisha jirani yenu anakuja na moteri iliyofichwa ndani ya fremu, na mlinzi wa msitu hawezi kuitofautisha akiwa mbali. Ninaelewa hasira yao. Walichoogopa zaidi ya moteri yenyewe ni kwamba njia zitafungwa tena kwa wote juu ya kosa la wachache. Na wachache wapo: kuna watu wanaochezea moteri ili isikate pale sheria inaposema ikate. Mtu wa namna hiyo anawaharibia wenzake wote, sawa na fundi anayetoa kifuniko cha mashine ili amalize kazi mapema.

Mwaka 2017 IMBA ilibadilisha msimamo, ikakubali zile za daraja la kwanza pale ambapo watunzaji wa njia wanaona zinafaa. Agosti 2019 wizara inayosimamia sehemu kubwa ya ardhi ya serikali ya Marekani iliagiza kwamba kinga za umeme zifuate ruhusa za kinga za kawaida. Lakini idara ya misitu iko katika wizara nyingine, nayo inazihesabu kuwa vyombo vya moteri. Kwa hiyo mtu anaweza kuanza safari akiwa ndani ya sheria, akavuka mpaka ambao macho hayauoni, na upande wa pili akawa mkosaji, pedali zikizunguka vilevile.

UDONGO UNASEMA NINI

Wengi walidai kwamba moteri inachimba njia. Mwaka 2015 IMBA ilifanya jaribio katika jimbo la Oregon. Walichukua kinga ya kawaida, kinga ya umeme na pikipiki ya milimani, wakapitisha kila moja mara nyingi katika kipande chake cha njia, kisha wakapima udongo uliosogea. Pikipiki ilichimba kupita zote, kwa mbali. Kinga ya umeme haikuachana sana na ile ya kawaida, ila kwenye kona na miinuko ilisogeza kidogo zaidi. Hilo lilikuwa jaribio la mahali pamoja na udongo wa namna moja, wala halikutolewa kama neno la mwisho.

Mimi ninaongeza jambo ambalo kila shofere wa mgodi wa wazi analijua. Barabara ya kamioni haiulizi tu uzito wa kamioni, inauliza pia imepita mara ngapi. Yule aliyekuwa akipanda mlima mara moja Jumapili, akarudi nyumbani miguu ikitetemeka, sasa anaweza kupanda mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Tairi ni lile lile, mapito ni matatu.

Tena kijia cha mlimani kinauawa na maji kuliko tairi. Tairi linaacha mfereji mdogo, mvua inaufuata, na msimu ukiisha mfereji umekuwa korongo. Wajenzi wa vijia wana kanuni nzuri: mwinuko wa njia usipite nusu ya mwinuko wa ubavu wa mlima inapopita. Ukizidi hapo, maji yanakimbia ndani ya njia badala ya kuikata na kwenda zake. Zamani mguu uliochoka ulisaidia kulinda kanuni hii, kwa maana ulimlazimisha mtu azunguke. Mwenye batri anajaribiwa kupanda wima, pale pale ambapo maji yanapenda kushuka. Na njia iliyojengwa kwa kushuka tu, akiipanda, atakutana uso kwa uso na mtu anayeshuka kwa mbio.

MOYO HAUDANGANYIKI

Sasa nirudie swali la kijana. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha Brigham Young, huko Utah, walitoa matokeo ya kupima watu 33 waliozoea kinga za mlima. Kila mmoja alipita njia ile ile kwa kinga ya kawaida na kwa ile ya umeme, mapigo ya moyo yakihesabiwa. Juu ya kinga ya umeme moyo ulipiga, kwa wastani, asilimia 94 ya ulivyopiga juu ya ile ya kawaida. Lakini wenyewe waliona kazi imekuwa nyepesi zaidi.

Hili ndilo lililonirudisha nyuma. Nilidhani moteri inaondoa kazi yote. Kumbe kwenye njia ya mlima, pale unaposhika usukani kwa nguvu, unainama, unasimama juu ya pedali na kuendelea kusukuma, moyo unaendelea kufanya kazi yake. Kinachopungua sana ni lile teso la miguu linalowafanya wengi waache mchezo. Mzee wa sinema alikuwa anafanya sport kweli. Kwa mtu wa miaka 60, ao mwenye goti bovu, ao mke anayetaka kwenda pamoja na mume asiyejua kungoja, si jambo dogo.

Ila kuna onyo. Ikiwa mwili hauoni uchovu, mwenye pressure ao maumivu ya kifua anaweza kupita kiasi bila kujua. Ninyi mnaosukuma kinga za chuma kila siku mnaweza kutumia kipimo kile kile bila mashine yoyote: ukiweza kusema na mwenzako lakini huwezi kuimba, moyo unafanya kazi ya kufaa. Ukishindwa hata kusema, punguza. Kifua kikibana, shuka, kaa chini, usirudi juu siku hiyo, uje dispensari.

Hatari kubwa iko katika kushuka. Kinga ya kawaida ya mlimani ina uzito wa kilo 12 hadi 15 hivi. Ya umeme nyingi zina kilo 20 hadi 25. Zamani mtu alifika kileleni baada ya miaka ya kujifunza, na katika miaka hiyo alikuwa amejifunza pia kufunga freni, kuchagua mstari kati ya mawe, na kuanguka. Sasa mwanafunzi anafika kileleni siku ya kwanza, akiwa na chombo kizito chini yake, na mtelemko unamngoja.

Nilishona kidevu cha mchuuzi wa makala aliyejifunza hilo bila moteri yoyote. Alikuwa anatoka porini na magunia manne juu ya kinga, alfajiri, barabara imelowa. Kupanda alikuwa amesukuma kwa miguu saa nyingi, na kupanda hakukumfanya kitu. Mtelemko mmoja tu, waya wa freni ulikatika, uzito ukamtangulia. Nyuzi saba, na meno mawili yaliyobaki barabarani. Alilia makala yake kuliko meno, maana gunia moja lilikuwa la deni.

Huko ng'ambo mchezo umekwisha kukubali kinga hizi. Mwaka 2019 kulikuwa na mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia ya kinga za mlima za umeme, Mont-Sainte-Anne, Kanada, na upande wa wanaume alishinda Mwafrika, Alan Hatherly wa Afrika ya Kusini. Yeye huyo mwaka 2024 alichukua ubingwa wa dunia kwa kinga isiyo na moteri, kwa hiyo asiambiwe na mtu kwamba miguu yake ni ya batri. Ujerumani mwaka 2023 kinga za umeme zilizouzwa, za mjini na za milimani pamoja, zilikuwa karibu milioni 2.1, nazo zilizidi zile za kawaida. Bado wapo wanaoita kupanda kwa umeme udanganyifu. Mimi hucheka kidogo, kwa sababu hata wale vijana wa Repack mara nyingine walipandisha kinga zao kwa kamioneti.

Kijana wa atelie alirudi wiki iliyofuata kutolewa bandeji. Nikamweleza yote haya. Akauliza bei. Nikamwambia nzuri zinaanzia euro elfu kadhaa. Akahesabu miezi ya mshahara kwa vidole, akakifikia kile chenye kidonda, akaacha.

Nilimsindikiza mpaka nje kuangalia kinga yake mwenyewe. Mnyororo mkavu, usukani sawa, na mpira wa freni ya nyuma umekwisha hadi chuma kinagusa chuma. Nilimwomba aende kwa miguu mtelemko wa mtoni mpaka apate mwingine. Alisema ataununua Jumamosi, siku ya kulipwa.