Adari Mbili, Msiba Mmoja

Kila mwaka, kifo cha mzazi, mwenza, ndugu au mtoto kinapotimiza tarehe yake, Wayahudi hufanya kumbukumbu iitwayo yartsaiti. Kwa kuwa siku yao huanza jua likizama, mshumaa huwashwa jioni na kuachwa uwake hadi magharibi ya kesho yake. Mfiwa husali Kadishi katika jamaa ya watu wazima wasiopungua 10. Wengine hufunga, hutoa sadaka au huzuru kaburi na kuweka kijiwe juu yake.

Tarehe hiyo ni ya kalenda ya Kiebrania, na hapo ndipo penye kitendawili. Kalenda hii hufuata mwezi mwandamo kama ile ya Kiislamu, ila Pasaka ya Kiyahudi haina budi kuangukia machipuko. Hivyo katika kila miaka 19, miaka 7 huongezewa mwezi wa 13 kwa kurudia ule uitwao Adari, na Adari huwa mbili. Kwa mapokeo, Nabii Musa alifariki tarehe 7 Adari. Mwaka 2023 siku hiyo ilikuwa 28 Februari. Mwaka 2025, 7 Machi. Mwaka 2024 zilikuwa mbili: 16 Februari na 17 Machi. Aliyefiwa na baba siku kama hiyo, katika mwaka wa kawaida, amkumbuke lini mwaka wenye Adari mbili?

Yosef Karo wa Safed, katika kitabu chake cha sheria kilichochapwa Venice mwaka 1565, alisema mfungo wa siku hiyo uwe Adari ya pili. Rabi Moses Isserles wa Kraków, ambaye Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki humfuata zaidi, alishika ya kwanza. Kwa aliyefariki katika mwaka wa miezi 13, Adari yake ni ileile aliyofia. Kisha Isserles akaongeza kwamba wako wanaofunga zote mbili, wala hakuwakemea. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1572, tarehe 18 Iyari, mwezi usiorudiwa. Siku hiyo waumini bado huzuru kaburi lake.

Aliyekufa tarehe 30 Adari ya kwanza ana shida nyingine: Adari ya mwaka wa kawaida ina siku 29 tu. Wengi hurudi nyuma hadi 30 Shevati, mwezi unaotangulia.

Wako pia wasiojulikana walikufa lini. Kwa wahanga wa mauaji ya Wanazi, Baraza Kuu la Marabi la Israeli lilitenga tarehe 10 Teveti. Kwa wengine, familia huchagua siku kwa ushauri wa rabi, na ikishachaguliwa hushikwa kila mwaka. Kama tarehe yaweza kuchaguliwa, je, kinachoheshimiwa ni siku ya kifo, au ni kule kuishika?