Barua ya Mchungaji na Bahasha ya Kurutu

Tangazo la kuwasajili makurutu wa polisi litokeapo gazetini, ofisi za walimu wakuu na za wachungaji hujaa vijana. Huyu ataka hati yake ya matokeo ithibitishwe, yule ataka barua ya kumtambulisha kuwa ni kijana mcha Mungu, asiyelewa wala kuvuta bangi. Nimefundisha shule za upili miaka mingi na barua za aina hiyo nimeziandika hata nimepoteza hesabu. Kwa hivyo naomba idhini ya wasomaji, hasa walimu wenzangu na vijana wanaojiandaa kwenda uwanjani, nimzungumzie huyu kijana Mkristo atakaye kuvaa sare ya polisi.

Wapo waumini wanaodhani kwamba bunduki na Biblia haziwezi kukaa nyumba moja. Nadhani wanakosea. Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, hakuwaamuru watupe silaha zao. Aliwakataza kuwanyang'anya watu mali kwa nguvu na kuwasingizia, akawataka watosheke na mishahara yao. Kornelio naye, akida wa Kirumi kule Kaisaria, alibatizwa akiwa akida, wala hatusomi kwamba aliambiwa ajiuzulu kwanza. Ajabu ni kuwa yale aliyoyataja Yohana karibu miaka 2,000 iliyopita ndiyo hasa yanayowaliza abiria na madereva wa matatu katika barabara zetu hadi leo.

Kazi yenyewe si ya mzaha, na kijana asidhani maombi yatamkimbilia mbio. Katika usajili wa miaka ya karibuni mwombaji ametakiwa awe na umri wa kati ya miaka 18 na 28, awe amepata angalau alama ya D+ katika mtihani wa KCSE, na awe na urefu wa futi 5 na inchi 8 akiwa mwanamume, au futi 5 na inchi 3 akiwa mwanamke. Hukaguliwa meno, macho na nyayo, kisha hukimbizwa juani. Akifaulu hupelekwa chuoni. Wengi hukijua Kiganjo, huko Nyeri, ambako baridi ya alfajiri humwamsha mtu kabla ya filimbi. Ni katika kikosi hicho cha polisi ambamo Kipchoge Keino, aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 mjini Mexico mwaka 1968, alikuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo. Jopo la jaji mstaafu Philip Ransley lilipendekeza mwaka 2009 kwamba mafunzo yarefushwe, na kwa muda yakawa ya miezi 15. Baadaye yalipunguzwa, jambo ambalo mimi binafsi naliona hasara, kwani sheria na haki za binadamu hazifundishiki kwa mwendo wa gwaride.

Lakini mtihani mgumu kuliko yote huja kabla ya kufika chuoni. Mwezi Julai 2014 vijana 10,000 walisajiliwa kote nchini. Malalamiko ya hongo yalizidi hata Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ikaenda mahakamani, na mwezi Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaubatilisha usajili wote. Mwezi Aprili 2015 magaidi wakakivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza makurutu wale 10,000 waripoti vyuoni kwa kuwa taifa lilikuwa na upungufu wa askari. Mwezi uliofuata Mahakama ya Rufani ikasisitiza kwamba usajili ule ulikuwa batili. Tulitafakari jambo hilo, msomaji: siku nchi ilipohitaji askari kuliko wakati wowote, maelfu ya vijana walikuwa wamekaa nyumbani kwa sababu ya bahasha. Na waliopita kwa miguu yao wenyewe, pasipo kutoa hata senti, walirudishwa pamoja na walionunua nafasi.

Nani huzijaza bahasha hizo? Hapa ndipo penye uchungu. Wakati mmoja mama wa aliyekuwa mwanafunzi wangu alinijia akitaka barua ya tabia njema. Kijana mwenyewe namjua. Alikuwa kiongozi wa chama cha Kikristo shuleni, na ni mkimbiaji hodari. Katika mazungumzo mama akanieleza, bila kificho wala aibu, kwamba waumini wa kanisa lao walikuwa wamefanya mchango ili "kumsindikiza" mtoto. Mtamba alikuwa amekwisha kuuzwa. Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyekuwa mweka hazina, na nilipouliza fedha hizo ni za nini alinijibu kwa upole kuwa mkono mtupu haulambwi. Katika bahasha moja ya kaki walikuwa wametia cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema na barua ya mchungaji. Nyingine, nene zaidi, ilishikwa na mjomba.

Sikuwaona kuwa watu wabaya. Ni maskini waliokwisha kuamini kwamba hakuna njia nyingine. Lakini hesabu yao ina kasoro. Kijana aliyeuziwa ng'ombe na kuchangiwa na jirani huingia kazini akiwa na deni, na deni hilo halilipiki upesi kwa mshahara wa konstebo mpya. Atalilipia kizuizini barabarani. Atakayetoa ni mwuza mboga na mwendesha bodaboda, na huenda mmoja wao ni yuleyule aliyetoa shilingi mia mbili katika mchango.

Tena aliyenunua nafasi hana ubavu wa kukataa amri mbaya. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 lasema wazi kuwa kutii amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Ni maneno mazito, na tuliuona uzito wake tarehe 25 Juni 2024, vijana walipopigwa risasi katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Wakati kama ule askari huhitaji dhamiri isiyodaiwa na mtu. Hiyo ndiyo sababu nataka vijana wacha Mungu waende Kiganjo, na hiyo ndiyo sababu nachelea wakipelekwa kwa mlango wa nyuma.

Mama yule nilimpa barua. Niliandika niliyoyajua: kwamba mwanawe ni mwaminifu wa fedha, kwamba huchelewa asubuhi, kwamba aliwahi kumkinga mwanafunzi mdogo asipigwe na wenzake. Nikamwomba aisome mbele ya wale waliochanga. Kisha nikamwuliza mzee mweka hazina kama fedha zile, endapo kijana angekosa nafasi uwanjani, zingetosha karo ya mwaka wa kwanza katika chuo cha kiufundi. Alipiga hesabu kwa vidole, akasema zingetosha na kubaki. Walimu wenzangu, mnapoletewa barua ya kutia sahihi msimu ujao, ulizeni swali hilo kabla hamjafungua kalamu.