Noti ya Dharura au Fedha ya Lazima?

Mfasiri akutanapo na maneno ya Kifaransa "monnaie de nécessité" aweza kushawishika kuandika "fedha ya lazima". Tafsiri hiyo yapotosha, na historia yenyewe yaonyesha sababu.

Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914, watu wa Ufaransa walizificha sarafu zao za dhahabu na za fedha. Sheria ya tarehe 5 Agosti 1914 iliiondolea Banque de France wajibu wa kubadilisha noti zake kwa dhahabu, na kila mtu akapaswa kuzipokea. Hizo ndizo zilizostahili kuitwa noti za lazima. Lakini noti ndogo kabisa ya benki hiyo ilikuwa ya franka 5. Mwuza mkate akakosa chenji ya kumrudishia mnunuzi.

Ndipo chemba za biashara za Lyon, Bordeaux, Toulouse na miji mingine mingi zilipotoa noti za santimu 50, franka 1 na franka 2. Chemba iliweka katika Banque de France amana yenye thamani sawa na noti ilizozitoa. Noti hizo zilikusudiwa eneo la chemba yenyewe, na nyingi zilionyesha tarehe ya mwisho ya kukombolewa. Katika miaka ya 1920 nafasi yake ilichukuliwa na sarafu za shaba iliyochanganywa na aluminiamu.

Kwa hiyo istilahi ifaayo ni "noti ya dharura". "Hundi" haifai, maana hundi ni agizo la mtu kwa benki yake. "Noti bandia" haifai kabisa, kwani bandia ni ya kughushi, na noti hizi zilikuwa na dhamana.

Wakusanyaji wa noti hizi hutofautisha pia zilizopigwa chapa "annulé" na zile za "spécimen". Ya kwanza na iitwe "noti batili", kwa kuwa imevuliwa thamani. Ya pili "noti kielelezo", kwa kuwa ilichapwa ili ionyeshwe tu.

Istilahi hii yahusu hata historia yetu. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa baharini, walitengeneza Tabora sarafu za heller na za dhahabu za rupia 15. Hizo nazo ni fedha za dharura. Mtunza orodha wa makumbusho akiziandika "bandia", atakayemfuata atazitupa.