KIPINDI CHA FUNDI MTAANI: Kupiga msasa na kung'arisha tangi la pikipiki

(Muziki wa ufunguzi, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na wewe mwenye bodaboda hapa Kakuma, uliyepuliza rangi ya mkebe kwenye tangi, na sasa imekauka ikiwa na vipele na vumbi lililonasa. Usikate tamaa. Inaweza kulainika, lakini tangi si meza. Lina mviringo, na mviringo ndio unaoharibu kazi.

Mimi mwenyewe niliharibu tangi la kaka yangu. Nilifunga msasa kwenye kipande cha mbao nikasugua kwa nguvu. Mbao ngumu hugusa sehemu ndogo tu ya mviringo, kwa hiyo nguvu zote zinaishia hapo. Kabla sijajua, chuma kikaonekana. Tulirudia kupaka, na siku zote hizo pikipiki haikubeba abiria.

Kwa hiyo, jambo la kwanza ni subira. Soma mkebe unasema rangi ikae muda gani, kisha uiongezee siku kadhaa. Bonyeza kwa ukucha mahali pasipoonekana. Ukiacha alama, bado haijaiva.

Pili, chukua msasa wa maji namba 1500. Uloweke dakika 15 kwenye beseni lenye maji kidogo na tone la sabuni. Lita moja au mbili zinatosha, huna haja ya kumaliza maji ya kupikia. Zungushia msasa kipande laini, kama soli ya patipati iliyochakaa. Kwenye mkunjo mkali tumia sponji. Usitumie ncha za vidole, zinachimba mifereji.

(Mlio wa msasa kwenye maji)

Tatu, bandika gundi ya karatasi kwenye kingo na migongo ya tangi. Hapo rangi huwa nyembamba kuliko popote. Utaibandua mwishoni na kupagusa kidogo tu.

Sugua polepole, mkono mwepesi, ukifuata umbo la tangi. Kila baada ya muda mfupi futa, ukague. Vidoa vinavyong'aa ni mabonde ambayo msasa haujafika. Vikiisha na pote pamefifia sawasawa, acha. Kama ulimalizia kwa varnishi isiyo na rangi, maji yatakuwa meupe. Yakianza kuchukua rangi ya tangi, simama hapo hapo, varnishi imekwisha.

Osha mchanga wote, kwa sababu chembe moja itachora mistari. Rudia kwa namba 2000, kisha paka dawa ya kung'arishia kwa kitambaa safi cha pamba. Zungusha mkono sehemu ndogo ndogo, kivulini, mbali na upepo wa vumbi. Nta isubiri mwezi mzima.

La mwisho, na ndilo kubwa: kabla ya kuanza, toa petroli yote na ulifungue tangi kwenye pikipiki. Hata likiwa tupu, mvuke wake unawaka. Usifanye kazi karibu na jiko la makaa wala sigara, na usipulizie rangi ndani ya nyumba wanamolala watoto. Rangi ikiharibika inapakwa tena. Mtoto akiungua, hakuna msasa wa kurekebisha.

Hadi kipindi kijacho, kazi njema.

(Muziki wa kufunga)