Rwanda: Muuguzi akikosea, nani atamlipa mgonjwa?

Muuguzi akikosea kipimo cha dawa na mgonjwa akapata ulemavu, fidia italipwa na nani? Nchini Rwanda, suala hilo lilitungiwa sheria: Sheria namba 49/2012 ya tarehe 22 Januari 2013, iliyoanzisha bima ya dhima ya kitaaluma katika huduma za afya.

Wapo wanaoona kwamba bima ya hospitali yatosha, kwa kuwa mwajiri huwajibika kwa makosa ya mfanyakazi aliye kazini. Hoja hiyo ina uzito, lakini ina mipaka. Muuguzi anayemdunga jirani sindano nyumbani, au anayefanya kazi ya ziada kwingine, huenda akajikuta hana wa kumtetea.

Hata hivyo, bima hulipa fidia tu. Adhabu ya jinai humwangukia aliyetenda kosa. Hivyo, kabla ya kununua bima yake binafsi, muuguzi na ausome mkataba wa bima wa kituo chake: unamkinga nani, na unaishia wapi? Jibu lamhusu mgonjwa pia, kwani mshahara wa muuguzi mmoja hauwezi kufidia ulemavu wa maisha.