Dirisha la Nyumba ya Msuka: Hewa Kwanza, Sura Baadaye

Wananchi wanaojenga au kukarabati nyumba Msuka, Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba, wanashauriwa kuzingatia upepo, mvua, chumvi ya bahari na mbu kabla ya kuchagua madirisha, badala ya kutazama sura yake pekee.

Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, na zipo nyumba zinazotegemea feni. Hata hivyo, umeme unapokatika usiku wa joto, dirisha ndilo linalobaki kuingiza hewa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, na kusi hutoka upande wa kusini. Chumba chenye madirisha katika kuta mbili hunufaika zaidi, kwani upepo unaoingia hupata pa kutokea.

Dirisha la mbao hufunguka lote, lakini likifungwa wakati wa mvua huzuia mwanga na hewa, isipokuwa likitengenezwa kwa vibao vyenye nafasi. Dirisha la luva hufunguka karibu lote, na vioo vyake vinaweza kuinamishwa ili hewa ipite wakati wa manyunyu. Kasoro yake ni kwamba halizibi kikamilifu mvua ya upepo wakati wa masika.

Dirisha la alumini la kusukuma halishambuliwi na mchwa wala halihitaji nafasi ya kufungukia. Lakini kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine, hivyo nusu tu hubaki wazi. Dirisha la upana wa mita 1.5 hutoa uwazi wa takriban sentimita 75. Anayeondoa dirisha la mbao na kuweka la kusukuma la kipimo kilekile hupunguza hewa ya chumba kwa karibu nusu. Anayependa alumini anaweza kuchagua la bawaba, linalofunguka lote, au kuongeza ukubwa wa dirisha. Kwa sababu ya chumvi ya bahari, bawaba na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Aina yoyote itakayochaguliwa iwekewe wavu wa mbu. Mbu waenezao malaria huuma zaidi usiku, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza uwekaji wa nyavu katika nyumba miongoni mwa mapendekezo yake ya kudhibiti malaria. Wavu huo hauondoi haja ya kulala ndani ya chandarua.

Kuhusu nondo, ni vyema kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo nondo zake hufunguliwa kwa ndani, ili moto ukizuka familia ipate njia ya kutokea.

Kabla ya kulipa malipo ya awali, mwananchi amuulize fundi mambo matatu: dirisha litafunguka kwa kiasi gani, wavu utakaa wapi, na nondo zitafunguliwaje.